Mwanya wa Milimita Tano

Mjini Voi, mwenye gari kuukuu hahitaji chombo cha kupimia ili ajue kama milango yake imekaa sawa. Vumbi litamwambia. Akiingia Tsavo Mashariki alfajiri kupitia Lango la Voi na kushinda humo mchana kutwa, jioni atakapofungua mlango atakuta mstari mwekundu umejichora kwenye nguzo ya mlango, mwembamba hapa, mpana pale, kisha umemwagika juu ya kiti kama unga wa wimbi. Palipopanuka mstari ndipo mlango ulipoachia. Ni vumbi lile lile linalowavika ndovu wa Tsavo rangi ya udongo, na wekundu wake unatokana na oksidi ya chuma iliyomo ardhini, ndugu wa damu wa kutu inayoila milango yenyewe.

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa Aprili 1948. Tarehe 30 ya mwezi huo huo, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza iliuonyesha ulimwengu Land Rover ya kwanza. Hakuna aliyeyapanga mambo hayo mawili yaende pamoja, lakini yalikutana: gari la mbuga na mbuga yenyewe ni marika. Leo anayeokota pikapu ya Land Rover iliyoachwa chini ya mgunga na kutaka kuirudishia uhai atashughulika na injini, breki na nyaya, na yote hayo yana vitabu na vipuri. Kitakachomtoa jasho kuliko vyote ni ule uwazi mdogo unaozunguka mlango.

Kaunti ya Taita Taveta huyajaribu magari kwa kila namna. Voi iko chini, mita mia tano na ushei kutoka usawa wa bahari, kwenye nchi kavu na tambarare. Ukitoka Mwatate kwenda Wundanyi barabara inajipinda na kupanda milima ambayo kilele chake, Vuria, kinafika mita 2,208. Upande wa magharibi, njia ya Bura, Maktau na Taveta ilikuwa vumbi na mashimo hadi ilipotiwa lami katika muongo uliopita. Reli ya kutoka Voi kuelekea Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kulihudumia jeshi la Uingereza lililokuwa likikabiliana na Wajerumani mpakani. Miaka ilivyokwenda, mzigo mwingi ulihamia barabarani. Mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yalihitaji malori, wakulima wa mboga wa milimani walihitaji pikapu, na askari wa wanyama walihitaji gari la kupita pasipo na njia. Ndipo Bedford, Leyland, Land Rover na Peugeot 404 zilipojaa.

Zipo zilizobaki, na hali ya hewa imezisaidia. Mombasa iko umbali wa kilomita 150 hivi tu, lakini kule hewa ya chumvi hulitafuna bati hadi likawa kama karatasi. Voi ukavu hulihifadhi. Tena sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo anayependa lori la babu yake kwa kawaida atalifufua lile lililopo hapa hapa nchini, na aghalabu mikononi mwa mafundi wa jua kali.

Sasa, mwanya. Watu wengi huuona kama jambo la urembo, kitu cha kushughulikiwa mwishoni, rangi ikikaribia. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Mlango ni shahidi, si mshtakiwa. Ukiwa umebanana juu na kuachia chini, huenda ukawa hauna kosa lolote. Unaeleza tu kwamba chasisi imepinda, au nguzo inayoushika imelala, au kizingiti kilicho chini yake kimeoza na kushuka. Fundi anayeukamata mlango na kuanza kuupinda ili ufanane na tundu lililopotoka anamfundisha shahidi kusema uongo. Atafanikiwa, kisha madigadi itakataa kukaa, na baada ya madigadi, boneti.

Kwa hiyo kazi huanzia chini. Gari husimamishwa mahali palipo sawa kwa pimamaji, likiwa juu ya magurudumu yake au limeegemezwa pale pale magurudumu yanapobeba uzito, na injini ikiwa ndani. Hili ni jambo ambalo wenye haraka hulidharau. Chasisi ya lori ni kama ngazi ndefu ya chuma. Hujipinda kidogo kufuatana na mzigo. Ukiinua mbele kwa jeki moja ukapanga milango ikakaa vizuri, siku utakapoliteremsha gari mianya yote itahama. Vivyo hivyo kwa anayepanga milango injini ikiwa imening'inizwa kwenye mti: akirudisha mamia ya kilo za chuma mbele, kila kitu kinashuka.

Kisha hupimwa uwazi wa mlango wenyewe, kona kwa kona. Kamba au tepu hutoka kona ya juu mbele hadi kona ya chini nyuma, halafu hupimwa zile kona nyingine mbili. Uwazi wa mlango wa gari si mraba kamili, hivyo vipimo viwili havilazimiki kulingana. Kinachotakiwa ni upande wa dereva ufanane na upande wa abiria. Ukikuta tofauti ya sentimita nzima, acha bawaba. Kuna kitu kimekwenda mrama chini, na hakuna washa itakayokiponya.

Ikiwa vipimo vinakubaliana, ndipo macho hurudi kwenye mlango. Hatua ya kwanza haina gharama: mlango hufunguliwa nusu, hushikwa kwa kitasa, hunyanyuliwa. Ukicheza juu na chini kabla bawaba hazijasogea, pini au bushi zake zimelika, na kupanga lolote kabla ya kuzibadilisha ni kupoteza siku. Mlango uliozeeka hushuka nyuma, upande wa kitasa, kwa kuwa uzito wote unaning'inia kwenye bawaba za mbele. Ukishuka hivyo unazunguka kidogo: sehemu yake ya juu inasogea nyuma na ya chini inasogea mbele. Basi mwanya wa nyuma utabana juu na kuachia chini, na wa mbele utafanya kinyume chake. Mwenye kuielewa picha hiyo ataweza kuusoma mlango wowote, uwe wa Bedford au wa Datsun.

Dawa yake ni ndogo kiasi cha kushangaza. Kipande chembamba cha bati hutiwa nyuma ya bawaba ya chini, kati ya bawaba na nguzo. Kinausukuma mlango upande wa chini, na kona ya nyuma inainuka. Kiasi gani? Tuseme bawaba mbili zimeachana kwa sentimita 40 na mlango una upana wa sentimita 80. Milimita 1 kwenye bawaba itakuwa milimita 2 kwenye kitasa. Hii ndiyo sababu mafundi wazuri huweka kopo la vipande vya bati vya unene tofauti, na hawapigi mlango nyundo kabla kopo hilo halijashindwa.

Land Rover za zamani, zile zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985, zina tabia yao. Bodi yake haikuchomelewa ikawa kitu kimoja. Ni vipande vilivyofungwa kwa bolti: ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, madigadi mbili, vizingiti, na bodi ya nyuma. Bawaba za mlango zimefungwa kwenye ukuta ule wa mbele, ilhali kitasa kinakamata kwenye kona ya bodi ya nyuma. Mwanya wa mlango basi ni umbali kati ya vitu viwili visivyoshikana isipokuwa kupitia chasisi. Ukuta ukilala nyuma kidogo, mlango unabana juu. Mikono ya chasisi inayoubeba ukuta ikiwa imekatika au imechomelewa ovyo, ukuta unashuka upande mmoja na gari zima linaonekana kama limekunja uso.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba kila kitu kinaweza kusogezwa. Utaratibu unaofaa ni kufunga bodi ya nyuma, kusimamisha ukuta wa mbele kwa bolti zilizoshikiliwa tu bila kukazwa, kuning'iniza milango yote miwili, kisha kuusukuma ukuta mbele na nyuma hadi mianya ya kulia na kushoto ifanane. Washa huongezwa pale ukuta unapokaa juu ya mikono ya chasisi. Bolti hukazwa kidogo kidogo, huku milango ikifunguliwa na kufungwa kila baada ya mzunguko mmoja wa spana. Madigadi hufuata, na boneti huja mwisho. Hata kwenye lori ambalo kibanda chake kimechomelewa kikawa kitu kimoja, kama Bedford, mlango ndio hutangulia na madigadi huufuata. Anayeanza na boneti atarudi nyuma hatua tatu.

Kwa jumla, magari ya kisasa hutoka kiwandani yakiwa na mianya ya milimita 3 hadi 5. Lori la miaka ya sitini likiwa na milimita 5 au 6, tena sawasawa kutoka juu hadi chini, limetendewa haki. Land Rover nyingi zilikuwa na zaidi ya hapo tangu zikiwa mpya. Mafundi hupima kwa biti za kutobolea: mkia wa biti ya milimita 5 ukiteleza mwanya wote bila kukwama wala kulegea, kazi imekwisha. Jicho la mwanadamu halishughuliki sana na upana wenyewe. Linaona haraka sana pale mwanya unapoanza na nne na kumalizikia na nane.

Kuna tatizo moja la Land Rover ambalo linastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa limeharibu milango mingi mizuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo Rover walitumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Mlango una mifupa ya chuma na ngozi ya alumini iliyokunjwa kuizunguka. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyokuwepo, hivyo huifutua ngozi kutoka ndani. Mwenye gari huona mwanya unabana mwaka hadi mwaka na kudhani mlango umehama. Haujahama, umevimba. Voi unyevu ni haba, lakini matundu ya kutolea maji chini ya mlango huzibwa na udongo mwekundu, na mvua za Novemba zikinyesha maji hutuama humo ndani. Kuyazibua kwa kijiti mara moja kwa mwezi ni kazi ya dakika mbili.

Ngozi hiyo ya alumini haitaki kutendewa kama bati la chuma. Chuma kikipata moto hubadilika rangi, kinakuwa chekundu, kinamwonya fundi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi na haibadiliki rangi kabla ya hapo: dakika hii ni paneli, dakika ijayo ni tundu. Aidha, kila inapopigwa nyundo inazidi kuwa ngumu mpaka ipasuke. Ili kuilainisha, mafundi wa zamani wa bati walitumia sabuni ya kipande. Husuguliwa juu ya sehemu iliyobonyea, moto wa gesi hupitishwa kwa mbali, na sabuni inapogeuka kahawia inayokaribia weusi, moto huondolewa mara moja. Hapo alumini imelegea na inaweza kunyooshwa kwa nyundo ya mbao, taratibu, na kipande cha chuma laini kikiwa kimekingwa kwa nyuma. Ni ujuzi ambao ungestahili kufundishwa katika kila chuo cha ufundi cha pwani, maana hauhitaji mtambo wowote wa ghali.

Kwenye milango ya chuma, ya Bedford au ya Peugeot, mambo ni mengine. Huko ukingo wa mlango unaweza kuongezwa au kupunguzwa. Ikiwa bawaba zimepangwa, nguzo ziko wima, na bado mwanya una milimita 9 sehemu moja, fundi huchomelea kijiti cha chuma cha milimita 3 kwenye ukingo, kisha hukisaga kwa grainda na kukimalizia kwa tupa hadi mstari unyooke. Hatari yake ni joto. Bati jembamba likichomwa mfululizo hujikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye tawa, na mlango uliokuwa na kosa moja unapata matatu. Kwa hiyo huchomelewa kwa nukta, moja huku, nyingine mwisho wa pili, na kitambaa chenye maji kikiwa karibu. Anayekata kizingiti au nguzo iliyooza naye hufunga kwanza vyuma vya msalaba ndani ya uwazi wa mlango, ili kibanda kisijifunge kipande kibovu kinapotolewa. Makosa ya hatua hiyo hayaonekani mpaka siku mlango unaporudishwa, na siku hiyo umeshachelewa.

Puti ni suala ambalo mwandishi yeyote anayeyajali magari haya lazima alisemee wazi. Puti ina kazi yake: kuziba mikwaruzo ya tupa na kulainisha uso, unene usiozidi milimita 3. Kutengeneza ukingo wa mlango kwa puti ni kumwibia mteja. Siku ya kukabidhiwa gari mwanya utapendeza kuliko wa kiwandani. Mlango ukishafungwa mara kadhaa, na gari likatetemeka kwenye barabara ya makorongo, ukingo utameguka, maji yataingia nyuma yake, na kutu itaanza mahali ambapo hakuna anayeiona. Mwenye gari anaweza kujikinga kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: kwenye mlango wa chuma, ikikataa kushika, ujue nyuma ya rangi kuna puti nene. Kwa Land Rover sumaku haisaidii kitu, kwani alumini haishikwi nayo hata ikiwa nzima. Hapo ni kugonga kwa kidole na kusikiliza.

Baada ya chuma inakuja mipira. Mipira mipya ni minene kuliko ile iliyosagika miaka 40, na huusukuma mlango nje kwa milimita kadhaa. Fundi aliyeupanga mlango bila mipira atashangaa mlango unakataa kufunga baada ya rangi. Basi hutiwa mapema, kwa majaribio, na mlango hupimwa kwa noti au kipande cha karatasi: huwekwa kwenye mpira, mlango hufungwa, karatasi huvutwa. Ikitoka bila ukinzani, mpira haugusi. Hurudiwa kila sentimita 10 kuzunguka mlango. Usiku taa ya tochi ndani ya kibanda hufanya kazi hiyo hiyo.

Tena vumbi halifuati mianya peke yake. Gari linapokwenda, hewa inayopita nje huacha mvuto nyuma, na kibanda kikiwa kimefungwa kinavuta vumbi kupitia popote palipo wazi. Land Rover za zamani zina vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele, ambavyo wengi huvifunga ili vumbi lisiingie. Mara nyingi ni kinyume: vikifunguliwa, na hakuna gari mbele, hewa safi huingia kwa nguvu, kibanda hujaa, na vumbi husukumwa nje kwenye mianya badala ya kunyonywa ndani.

Rangi nayo ina unene. Rangi ya msingi, rangi yenyewe na ya kung'arisha zikipakwa kwenye ukingo wa mlango na kwenye nguzo inayotazamana nao, mwanya hupungua. Ndiyo maana gari zima huunganishwa likiwa chuma kitupu, milango, madigadi na boneti, mianya ikapangwa, kisha vyote hufunguliwa tena kwa kupakwa. Kabla ya kufungua, matundu mawili madogo hutobolewa kupitia bawaba na nguzo. Siku ya kurudisha, pini mbili zikipita humo mlango unarudi mahali pake pale pale.

Kiasi cha juhudi hutegemea gari linakwenda wapi. Katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi tangu 1971, waamuzi huangalia hali ya gari kwa karibu, na mwanya uliopinda utaonekana. Katika East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003 na ambayo imeyapitisha magari ya zamani kwenye vumbi la Taita Taveta, mlango unatakiwa kwanza usifunguke kwenye makorongo. Pikapu inayorudi kubeba kabichi kutoka Werugha iko katikati ya hayo mawili: inahitaji mlango unaofungwa kwa kidole, usiopiga kelele, na usiomvika dereva vumbi kabla hajafika sokoni.

Na pikapu kama hiyo haimalizwi karakana. Mianya hupangwa gari likiwa tupu, lakini mzigo wa kwanza na kilomita mia chache za kwanza huzikalisha bolti mahali pake, na mlango hushuka nukta moja. Mwenye gari hurudi Voi na mstari wake mwekundu kwenye nguzo, mwembamba sasa, umepanuka kidogo tu karibu na kona ya chini nyuma. Fundi huutazama, hulegeza bolti za bawaba ya chini, huchagua kwenye kopo kipande chembamba kuliko vyote, hukisukuma ndani na kukaza. Hufuta vumbi kwenye nguzo kwa kiganja, ili safari ijayo mstari uanze upya.